Macho ya Mishi Baada ya Ukambi

Majani ya mwarobaini yakichemshwa hutoa harufu chungu inayoganda kooni, na mwaka ule ukambi ulipoingia mtaani kwetu Malindi, nyumba yetu ilinuka hivyo kuanzia uani hadi sebuleni. Mimi nilikuwa darasa la pili. Dada yangu Mishi, aliyenitangulia kwa miaka mitatu, ndiye aliyeshikwa vibaya. Alilala chumbani dirisha likiwa limefungwa ili mwanga usimchome macho, na joto la mwili wake nililihisi hata nikisimama mlangoni. Mama alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, akamsomea dua. Vipele vikakauka, ngozi ikaambuka, homa ikashuka. Asubuhi Mishi alipoomba chakula kwa kinywa chake mwenyewe, mama alilia kwa furaha, akapika kaimati tukawagawia majirani. Tuliamini maradhi yamekwisha.

Yaliyofuata ndiyo ninayoyaota mpaka leo. Kwanza Mishi alisema macho yanamuuma akiyazungusha. Kisha siku moja, mama akifagia uani, Mishi alimtazama kwa muda mrefu akamwuliza, "Mama, hiyo leso imepauka lini?" Ilikuwa leso nyekundu, mpya, aliyojifunga kiunoni. Mama akacheka. "Sema tu wataka na wewe nikununulie." Mishi hakucheka. Alilishika pindo la leso, akalisogeza karibu na uso. "Ni rangi ya majivu," akasema. Baadaye rangi nyingine nazo zikafifia, kisha nyuso zikampotea. Miguu ikaanza kumkosea. Alikanyaga sakafu kama anayekanyaga pamba, akawa anaanguka njiani kwenda chooni. Lakini kilichonitia hofu zaidi hakikuwa kule kuanguka. Alipozungumza nami aliyatupa macho kando, hewani karibu na sikio langu, akatabasamu, nami nikageuka kuona ni nani aliyesimama pale.

Shangazi alimwona hivyo akashusha sauti kama watu wanavyofanya wakitaja majini. "Huyu ana mtu, wifi. Huoni anavyomtazama?" Mimi niliamini. Tangu hapo kila nilipoingia chumbani nilipita nikiuambaa ukuta, nisije nikamgonga huyo mtu. Mama alikaa kitandani kwa Mishi kutwa nzima, kitambaa cha kufutia jasho kikiwa mkononi. Asubuhi yake alimvisha Mishi nguo za kutokea, akambeba mgongoni ingawa alikuwa msichana mkubwa. Shangazi alipomzuia mlangoni, alimjibu, "Kama ana mtu, basi watakwenda hospitali Kilifi wote wawili."

Nilifuatana nao, maana hapakuwa na wa kuniangalia. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, na aliongea na Mishi kwanza kabla ya mama. "Macho yako yenyewe hayana neno, mwanangu. Njia ya kupelekea picha ubongoni ndiyo iliyoumia." Mama akasema, "Lakini ukambi si umekwisha, daktari?" Daktari akavuta kiti karibu naye. "Virusi vimeondoka, mama. Walinzi wa mwili ndio bado wanapigana. Wanaishambulia mishipa yake ya fahamu wakidhani ni adui." Mama aliuliza kama atapona. Daktari alisema ana matumaini na miguu. Kuhusu macho alisema tu kwamba wataanza dawa siku hiyohiyo.

Dawa ilipitia mkononi kwa dripu. Miguu ilirudi polepole, rangi zikarudi hafifu, lakini katikati ya macho ya Mishi pakabaki wingu ambalo halikuondoka tena. Huona pembeni tu. Ili akuone, sharti atazame kando yako. Alinieleza hayo mwenyewe, nikaelewa kwamba pale hapakuwa na mtu. Hata hivyo niliendelea kuuambaa ukuta kwa miaka mingi.

Sasa Mishi anaishi Watamu, ana wanawe, na hufundisha watoto madrasa kwa aliyoyahifadhi. Mimi nami ni mama. Siku mwanangu alipodungwa chanjo ya ukambi nilimkumbatia kwa nguvu hata nesi akanitania kwamba anayeogopa sindano ni mimi. Yeye hakujua kwamba nilikuwa nikimsikia Mishi akiulizia leso.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini tulikaa chumbani kwake tukikunja nguo zake, nikasema alivyokonda mwishoni, alivyojaa makunyanzi, nywele zote nyeupe. Mishi alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Huyo simjui," akasema taratibu. "Uso wake niliuona vizuri mara ya mwisho kabla sijaugua. Mama wangu mimi hana hata mvi moja."

Nilifumba macho nikamtafuta huyo mama wa wakati ule, nikampata yule mgonjwa wa siku za mwisho tu. "Alikuwaje?" nikamwuliza. Mishi akaiweka nguo pajani, akaanza kunieleza kuanzia nyusi.