Vijiti Vilivyolala Kifuani kwa Baba

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja ya Moshi mjini, chaki zenyewe tukigawana vipande. Kila mwaka nilichora ubaoni kitu kilekile: kijiti kifupi chenye ncha za mviringo. Bakteria huyo. Hanenepi, anarefuka tu. Huku akirefuka ananakili maelekezo yake yote ya uhai, nakala moja inasogea upande huu, nyingine upande ule, kisha anajenga ukuta katikati na kujikata. Haya, wako wawili! Wanafunzi hawakukosa kuuliza mama ni nani na baba ni nani, nami niliwafokea, maana subira sijaumbiwa.

Kumbe somo hilo lilikuwa linamsubiri baba yangu mzazi, kule Uru, mlimani juu ya mji.

Baba aliugua kifua kikuu, akalazwa hospitali mjini. Sindano asubuhi, vidonge mbele ya macho ya nesi. Baada ya wiki kadhaa kikohozi kikakata, mashavu yakarudi, na ubishi nao ukarudi. Siku moja nesi akakuta vidonge ndani ya soksi ya Baba, kumbe alikuwa anavibana shavuni na kuvitema. Alimsema Baba mbele ya wodi nzima. Baba naye, kwa sauti ileile aliyotumia kufukuza mbuzi kwenye kahawa, akamwita mtoto asiyefunzwa kwao. Akachukua koti lake, akapanda kwa miguu mpaka nyumbani.

Niliposikia, moyo ulinilipuka. Jumamosi nikapanda Uru, nikamkuta amekaa nje, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikiwa chini, na mwanangu mdogo, ambaye Mama alikuwa ananilelea, mapajani pake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Unaniona nilivyo mzima? Waambie hao watu wa sindano."

"Baba, hujapona. Wadudu wa kifua wamelala tu!"

Nikachukua kijiti, nikachora udongoni miguuni pake. Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani. Nikamwambia wadudu wa tumboni wakipata joto na chakula hugawanyika kabla hata maharage hayajaiva, lakini hawa wa kifuani ni wavivu, kujikata mara moja kunaweza kumaliza siku nzima. Na wengine wanalala kabisa, hawarefuki, hawajikati.

"Si uwaache walale?" akasema.

"Kidonge kinamkamata anapojenga ukuta, Baba. Asiyejenga, kinampita. Siku akiamka akakuta dawa haipo..." Nikachora mmoja, wawili, wanne, wanane, nikaendelea kuchora mpaka nikafika kwenye viatu vyake.

Akaitazama michoro, akavuta viatu nyuma. Kisha akamteremsha mtoto taratibu, akamsukuma kwangu.

"Nitarudije?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nimemtukana mtoto wa watu."

Mungu wangu! Kumbe lilikuwa hilo tu. Baba yangu alikuwa tayari kufa kwa aibu.

Jumatatu asubuhi alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, akakata jani la isale pamoja na kijishina chake. Kwetu, ukiletewa jani hilo unaombwa msamaha, na ukilipokea umesamehe. Tukashuka naye mjini. Baba akasimama mbele ya nesi, kofia kwapani, akanyoosha jani. Nesi kwao ni Bukoba, hajui mambo yetu. Akalipokea, akaligeuzageuza.

"Asante, mzee. Hii inachemshwa au inatafunwa?"

"Umelipokea?" Baba akauliza.

"Si nimelishika hapa?"

"Basi yamekwisha." Akakunja mkono wa shati kungoja sindano. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma.

Nesi akalitia jani kwenye kopo la maji dirishani. Baba alimeza kila kidonge, miezi na miezi, hata aliporuhusiwa kutibiwa akitokea nyumbani. Nesi alimwambia haambukizi tena, lakini Baba hakukubali kumpakata mjukuu. Mtoto akija, anamwambia, "Kaa pale, babu ana wageni wamelala."

Jumapili moja, matibabu yakiwa yamekaribia mwisho, nesi akatokea nyumbani, amepanda kwa miguu, jasho tele. Mkononi alikuwa na isale lenye mizizi, lile la kwenye kopo. Watu walikuwa wamemweleza maana yake.

"Mzee," akasema, "na mimi nilikusema mbele za watu."

Baba alilipokea kwa mikono miwili.

"Na makohozi yako ni safi," nesi akaongeza. "Hakuna kijiti hata kimoja. Mpakate mjukuu wako, bwana."

Baba akaweka isale chini, akafungua mikono. Mtoto alikuwa ameshakuwa mzito, lakini alikimbia akapanda mapajani palepale pake pa zamani. Mimi nikaingia jikoni, nikalia kwa raha zangu.