Ukuta wa Chini ya Kaburi

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, ana tabia ya kucheka kabla hajasema neno baya. Siku aliyoniambia kwamba atasawazisha kiwanja chake ajenge vyumba vya kupangisha, alicheka kwanza. Mimi sikucheka. Tunaishi Mnarani, ng'ambo ya kusini ya Kilifi, mahali ambapo ardhi inateremka kwenda majini, na viwanja vyetu vimepangana kwenye mteremko mmoja: changu juu, chake chini. Kusawazisha kwake maana yake ni kuukata mteremko, na juu ya mteremko huo, nyuma ya jiko langu, kuna kaburi la mume wangu.

Kwa watu wake mtu huzikwa nyumbani, si kwenye makaburi ya watu wote. Nililijenga kaburi lake kwa saruji na vigae vyeupe, na upande wa kulia nikaacha nafasi ya mtu mmoja. Nafasi hiyo ni yangu. Mume wangu alinionyesha mwenyewe kabla ugonjwa haujamlaza kabisa. Alisimama pale ameshika kiuno, akasema, "Mimi hapa, wewe hapa," akarudi ndani kunywa uji. Mimi ni mtu wa bara, mzaliwa wa Machakos, na sikujaliwa mtoto. Mjane wa bara asiye na mtoto hana kinachomfunga kwenye mji wa watu isipokuwa kaburi. Mimi nalijua hilo, na wao wanalijua kuliko mimi.

Basi alikata. Alileta vijana wenye sururu na majembe wakaula ule mteremko mpaka ukabaki umesimama wima kama mkate uliokatwa kwa kisu, mrefu kunipita mimi. Mvua ndogo ya kwanza ilipopita, udongo ukaanza kumeguka. Nikaona ufa kwenye ardhi, mwembamba, unapita katikati ya nafasi yangu na kuelekea kwenye vigae. Nikashuka kwa shemeji nikamwonyesha.

Akacheka. "Shemeji, wewe usijitie presha. Ikiwa kaburi lataka kuanguka, tutamhamisha kaka. Tutampeleka Magarini kwenye shamba la baba, akalale na wazee wake. Nawe upumzike sasa, urudi kwenu."

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mlangoni pake akichambua mchicha. Anaishi kwa huyu mwanawe wa chini. Tangu matanga alikuwa hajatia mdomoni chakula nilichopika mimi, na salamu yangu aliiitikia akitazama pembeni. Siku ile nayo aliendelea na mchicha wake. Nikapanda kwangu, na nikaapa kwamba mume wangu hahami, wala mimi sihami.

Nilitafuta fundi. Wa kwanza alikuja, akaona kaburi, akauliza kama wazee wa ukoo wameshamwarifu marehemu kwamba kutachimbwa karibu naye. Nikamwambia marehemu alikuwa mzee wa kanisa, hana haja ya kuarifiwa. Akakusanya vifaa vyake. Wa pili aliuliza swali lilelile. Nikatuma ujumbe kwa wazee wa ukoo, nao wakasema watakuja wakiitwa na mwenye mji, na mwenye mji sasa ni shemeji. Nikaelewa. Hakuna fundi wa kuanzia Mnarani mpaka mjini ambaye angechimba pale bila ruhusa ya mtu aliyetaka paanguke.

Nikaamua kujenga mwenyewe. Msinicheke. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, mikono yangu imezoea chaki, lakini nimezaliwa kwenye milima iliyokatwa matuta juu mpaka chini, na baba yangu alikuwa akipanga mawe kuzuia shamba lake lisishuke mtoni. Nilidhani kazi hiyo naijua. Nilinunua mawe ya matumbawe yaliyochongwa kwenye timbo, na lori likayamwaga barabarani kwa sababu njia ya kuingia kwangu ni nyembamba. Wilbaro ilizama mchangani. Wanawake wa hapa wangeyabeba kichwani, lakini shingo yangu haikufunzwa hivyo. Nikachukua kamba, nikafunga jiwe, nikalitia mgongoni na kuipitisha kamba kwenye paji la uso, kama tunavyobeba kuni kwetu.

Ndivyo nilivyopita mbele ya shemeji, nimeinama, jiwe mgongoni. Alikuwa na rafiki zake wawili wanakunywa kahawa. Akacheka, akaweka kikombe chini.

"Asiye na mwana," akasema kwa sauti ya kusikika, "na aeleke jiwe."

Wakaangua kicheko wote. Methali hiyo nimeifundisha darasani mara nyingi, nikawaeleza watoto maana yake, wakaandika. Siku ile niliipokea mgongoni. Nilitamani kulitua lile jiwe kwenye kikombe chake. Nikaenda nalo mpaka nyuma ya nyumba, nikalitua, nikarudi kuchukua jingine, na kila nilipopita pale nilimtazama usoni mpaka akaamua kuingia ndani.

Ukuta wa kwanza niliujenga wima kabisa. Nilitumia timazi, nikaunyoosha kama ukuta wa nyumba, na nyuma yake nikarudisha ule ule udongo niliouchimba, nikaushindilia kwa miguu. Niliuona mzuri mno. Nikawapigia simu dada zangu Machakos nikajisifu. Ikaja mvua ya asubuhi moja, wala si kubwa, udongo ukanywa maji, ukavimba, na ukuta ukalala kifudifudi kwenye kiwanja cha shemeji nikiwa nasimamia gwaride shuleni. Nilipofika nyumbani alikuwa ameniwekea yale mawe kando, yote, yamepangwa vizuri mpakani. Wema wa namna ile unauma kuliko tusi.

"Kwa nini wajitesa?" akaniuliza. "Magarini kuna nafasi tele."

 Nilimpigia baba yangu, mzee sasa na masikio yameziba, nikampigia kelele kwenye simu mpaka majirani wakajua mambo yangu yote. Akanisikiliza. Akauliza jambo moja tu: maji yatatokea wapi? Sikuwa nimeacha hata tundu moja. Akaniambia mlima hauangushi ukuta, maji ndiyo yanayouangusha. Matuta yake yeye hayana saruji, maji hupenya kati ya mawe na kwenda zake. Mimi nimejenga birika.

Nikaanza upya. Nikachimba msingi mpaka nikafika kwenye mwamba, sururu ikawa inatoa cheche. Safari hii nikauegemeza ukuta nyuma kidogo, uulalie mlima. Kila baada ya mistari miwili nikalaza jiwe moja refu kuingia ndani ya mlima. Nyuma nikajaza kokoto badala ya udongo, na chini, karibu na ardhi, nikapitisha vipande vya bomba ili maji yatoke mbele. Nilifanya kazi jioni baada ya shule na Jumamosi kutwa. Saruji ilinila vidole mpaka nikawa nashika chaki kwa kitambaa. Watoto darasani walinong'ona kwamba mwalimu amekuwa kibarua, na nilipowasikia niliwapa hesabu ngumu.

Nilipokuwa juu ya ukuta ule nilizungumza na mume wangu. Nilimgombeza zaidi. Nilimwambia, ndugu yako huyu ulimsomesha wewe, ulimlipia mahari wewe, na sasa anataka kukufukua kama muhogo. Halafu nililia, nikapangusa pua kwa mkono wenye saruji, ikanichoma. Nilimkosa sana mtu yule. Nilikuwa namjengea ukuta kwa sababu hakuna kingine nilichoweza tena kumfanyia.

Ukuta ukaisha. Nikaufukia juu, nikasawazisha, ufa ukapotea, na ile nafasi upande wa kulia ikarudi pana kuliko mwanzo. Nilijilaza pale mara moja kuipima. Ilinitosha. Msidhani niliogopa, nilifurahi.

Kisha masika ikafika kwa nguvu. Ukuta haukutikisika, na yale mabomba yakafanya kazi yake. Maji yakatoka mbele, safi, yakatiririka kwenye kiwanja cha shemeji, yakapita mbele ya vyumba vyake vipya, vilivyokuwa vimeshajaa wapangaji, na kwenda chini. Mimi nilisimama juu na mwavuli, nimeridhika. Sikufikiria jambo ambalo mtu yeyote wa hapa angelifikiria kwanza. Wapangaji wake walitazama maji, wakatazama yanakotoka, wakaona vigae vyeupe juu. Mama mmoja alikuwa amekinga ndoo afulie nguo za mtoto. Akaimwaga ndoo. Kufika jioni neno lilikuwa limeenea kwamba pale kwa shemeji watu wanakanyaga maji ya maiti.

Shemeji alipanda kwangu, na hiyo ndiyo siku ya kwanza kumwona akisema bila kucheka. "Shemeji, wewe umenitolea kaka yangu mlangoni! Watu wanahama! Ziba hayo matundu."

"Ungeuacha mlima mahali pake," nikamwambia, "kaka yako asingekutokea."

"Ziba!"

"Sizibi."

Kesho yake, nikiwa shuleni, akaziba mwenyewe. Alikoroga saruji akashindilia kila tundu, akapiga lipu juu yake, ikalainika utadhani hapakuwahi kuwa na kitu. Mvua ikaendelea kunyesha. Niliporudi Ijumaa niliona katikati ya ukuta pametoka tumbo dogo, na maji yanatoka kama jasho kwenye viungo vya mawe. Juu, ule ufa ulikuwa umerudi, umeshafika kwenye ukingo wa vigae.

Sikubadilisha hata nguo. Nilichukua nyundo na tindo, chuma kile cha kutobolea mawe, nikashuka kiwanjani kwake na viatu vyangu vya shule. Alinikuta nimeshapiga pigo la kwanza, akanishika mkono.

"Hapa ni kwangu. Hutoboi."

"Niachie."

"Hutoboi, nasema! Ukitaka kutoboa, toboa kwenu Machakos."

Nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Akanirudishia. Wapangaji wakatoka wakasimama barazani, hakuna aliyeingilia. Tulikuwa tunavutana nyundo kwenye tope, mimi na mtu niliyemtandikia kitanda alipokuwa mwanafunzi, na nilikuwa tayari kumpiga nayo. Nasema kweli. Nilikuwa tayari.

"Mwachie."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Alikuwa amekuja kwa kujishikiza ukutani, leso imelowa mabegani. Shemeji akaniachia kwa mshangao tu.

"Mama, maji haya—"

"Nimeyaona. Ni maji ya mwanangu. Nilimwosha akiwa mchanga, hayanitishi. Watakaohama na wahame." Akauweka mkono wake kwenye lile tumbo la ukuta, akaupapasa. "Kumbe wajua kujenga, mkaza mwanangu."

Tangu nifiwe hakuwa ameniita hivyo.  Nikasema, "Shikamoo, mama," kama mjinga, katikati ya tope, kwa sababu sikupata neno jingine.

"Marahaba. Huu mlima, ukitoboa, utasimama?"

"Utasimama, mama. Utatuzika sote, wenyewe ukiwa bado umesimama."

"Na kaburi halitaenda popote?"

"Haliendi popote."

Akatikisa kichwa kukubali. Akamgeukia mwanawe. "Umesikia. Habari ya Magarini sitaki kuisikia tena. Kule yuko baba yako na wake zake wale wawili, na nilikaa nao nikiwa hai, yatosha. Mimi mtanizika hapa juu, na mwanangu. Pale upande wa kulia naona pana nafasi nzuri, huyu ameisawazisha vizuri. Wapangaji hawa wote ni mashahidi."

Hakusema kwa ubaya. Ningependa kusema alisema kwa ubaya, ningelala vizuri. Alisema kama mtu aliyeona kiti kitupu. Nami nilifungua mdomo nimwambie kiti hicho kina mwenyewe, na kwamba mwanawe alinionyesha kwa kidole chake. Lakini nani alikuwapo aliponionyesha? Na ni mkaza mwana gani, wa bara au wa pwani, anayeweza kusimama mbele ya watu akabishana na mama mzazi juu ya nani alale ubavuni kwa mwanawe? Upande wa kushoto wa kaburi kuna ukuta wa jiko. Miguuni kuna shimo la choo. Nafasi ilikuwa moja, na ilikuwa hapo kwa sababu niliibeba mgongoni, jiwe moja baada ya jingine.

Shemeji alielewa kabla yangu. Niliuona uso wake ukilainika polepole, na kile kicheko chake kikarudi mahali pake. Aliinama akaiokota tindo kwenye tope, akaipangusa kwenye suruali yake, akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

"Toboa, shemeji," akasema. "Toboa vizuri. Mama asije akalala kwenye maji."

Niliwachukia wote wawili, na wapangaji barazani, na mvua. Nikaiweka tindo kwenye lipu. Tundu la kwanza lilipofunguka maji yalinirukia kifuani, baridi, na mama mkwe akanisogezea leso yake nijipanguse. Sikuipokea. Nikaenda kwenye tundu la pili, kisha linalofuata, nikayatoboa yote mpaka mwisho, kwa sababu nyuma ya ukuta ule alikuwa amelala mume wangu na udongo ulikuwa umelowa.