Matundu Mia Tisa Tisini na Saba

Wifi yangu MaDladla, mke wa kaka yangu, ana mikono ya shanga. Hilo hata mahasidi wake hapa Msinga hawabishi. Nusu ya mabibi harusi wa bonde hili wamevaa kazi yake. Bintiye Khethiwe alipoposwa, nani mwingine angeshona sketi ya ngozi? Alikuwa ameingoja kazi hiyo tangu siku ya kumzaa.

Pindo lilitaka matundu elfu moja, kila tundu shanga moja. Nakshi ya ukoo wetu hujirudia kila shanga nane, na nane huingia kwenye elfu bila kubakiza. Wifi hutaja namba kwanza, halafu ndiyo anatoboa.

Sasa siku ya kutoboa, baba yangu, Mzee Mchunu, akapoteza kopo lake la ugoro. Akapita uani. Baba mkwe akipita hakuna mjadala: mke wa mwanawe anaacha kazi, anajifunika mabega, anainamisha macho, kimya, mpaka mzee aishilie. Wifi alikuwa ameshataja namba, hajatoboa. Mzee alipoondoka, akaendelea na namba inayofuata, tundu moja likarukwa. Baba akapita tena. Na tena! Ugoro gani huo, jamani?

Aliposhona, nakshi ilizunguka ikarudi ilikoanzia, haikufunga. Zilibaki shanga tano. Tukahesabu upya: mia tisa tisini na saba, na pindo limeshajaa, hakuna pa kuongeza tundu.

"Si kitu," akasema. "Nitaweka nakshi ya shanga kumi na mbili."

Ikabaki moja. Akafumua. Ya sita, moja. Ya nne, moja. Ya saba, zikabaki tatu. Akafika hadi mbilimbili, nyeupe na nyekundu, kama mtoto anayejifunza. Mwishoni nyeupe mbili zikakaa pamoja.

"Wifi, namba hii imelaaniwa!" akaniambia. "Haitaki kugawanyika na chochote!"

Kweli haitaki. Inagawanyika kwa moja na kwa yenyewe, basi. Ungejaribu mpaka uzeeke. Na rangi moja tupu? Wakwe wangesema tumemtoa binti asiye na ukoo.

Baba akaja kutazama. "Imekuwaje?"

Nilichemka. Mimi ni mtoto wa nyumba, naweza kumsemesha. "Baba, ni wewe! Ulipita mara tatu, naye akaacha kutoboa..."

"Wifi, hebu nyamaza," MaDladla akanikata, macho chini. "Ni macho yangu, baba. Yamechoka."

Mzee akamtazama kidogo. "Basi kazi apewe yule mshonaji mwingine, MaXaba. Ngozi nyingine ipo."

"Ndiyo, baba."

Nilitamani kulia kwa hasira. Yeye alikunja ile sketi taratibu, akaenda kumchagulia MaXaba shanga.

Jumamosi Khethiwe alitoka amependeza, pindo limefunga sawasawa. Wanawake wakapiga vigelegele, na MaDladla aliwashinda wote kwa sauti. Bintiye alipopita mbele yetu, uzi mmoja ulikuwa unaning'inia pindoni. Wifi akanyoosha mkono aukate, kisha akaurudisha mapajani na kuniuliza kwa sauti ndogo MaXaba yuko wapi, aje aukate.