Kamba Niliyopokea Kisiwani Mukanda

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, kisha anisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu kando ya moto. Yalinipata mimi, kwa mikono hii miwili, na mikono hii ingali na alama zake. Wala hayakunipata usiku. Watu wa kwetu wakisimulia mambo kama haya hupenda giza, kana kwamba wafu hawajui kutembea mchana. Mimi ilikuwa asubuhi, saa moja, jua limekwisha kutoka ila ukungu umelifunika. Sikuwa na homa. Sikuwa nimeonja kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hata tone.

Mimi ni mtu wa Nyabiondo, huku milimani Masisi, mtoto wa wakulima wa maharage na mihogo. Lakini mama yangu alizaliwa chini ziwani, ng'ambo kidogo ya Shasha, kwenye kisiwa ambacho usijisumbue kwenda kukitafuta. Kiliitwa Mukanda, kwa kuwa kilikuwa chembamba na kirefu, mchanga mtupu uliolala mbele ya ufuko. Upande wa ndani maji yalitulia kama maji ya sufuria. Upande wa nje ziwa lilipiga mchana na usiku. Mama alituambia kwamba alipokuwa msichana, ungeweza kuteleka maharage upande mmoja, ukatembea hadi upande wa pili na kurudi, ukakuta yameiva. Kulikuwa na nyumba, migomba, vichanja vya kukaushia samaki, hata kanisa dogo la matete.

Kisha ziwa likaanza kukila. Wazee walisema ni tangu mlima ulipomwaga moto wake majini upande wa Sake, mawimbi yakabadili njia. Wengine walisema ni watu wenyewe, walikata matete yote kwa ajili ya mikeka na vichanja, mchanga ukabaki bila wa kuushika. Mimi sijui. Ninajua tu kwamba kila kiangazi tuliposhuka na mizigo ya maharage kuibadilisha kwa samaki, Mukanda ulikuwa umepungua. Mwaka mmoja kanisa halikuwepo. Mwaka mwingine migomba ilikuwa imelala majini, na watoto wa pale wakiichezea kama mitumbwi.

Nieleze kidogo jinsi walivyovua, maana kisa changu kimo humo. Walisokota kamba ndefu ya mafunjo, wakaining'inizia majani ya migomba toka mwanzo hadi mwisho. Mtumbwi uliizungusha majini kama upinde, kisha watu wakavuta kutoka ufukoni, kundi moja kila upande, na samaki wakakimbia mbele ya yale majani hadi kwenye vikapu vya wanawake waliosimama maji ya magotini. Kila mwisho wa kamba ulikuwa na mwenyewe. Mwenyewe akifa, mwisho wake ulikatwa, ukafungwa kwenye mti uliosimikwa kaburini, ukangoja mwanamume wa damu yake aje aupokee. Na mpaka apokee, mjane wa marehemu hakuhama pale. Alikuwa akilinda.

Babu yangu, baba wa mama, alikuwa na mwisho wa kulia. Alikufa kwa homa nikiwa bado mgongoni, sikumjua hata uso. Wanawe wa kiume walikuwa wawili. Mmoja aliuawa na udongo machimboni. Mwingine, mjomba wangu, alioa mwanamke wa kabila la Wapofi, kule Walikale, akapata mashamba na biashara yake ya mawese, akatuma neno kwamba ziwa hatalirudia. Basi ile kamba ikabaki kwenye mti, na Koko wangu, mama wa mama, akabaki pembeni yake mwaka baada ya mwaka, huku majirani wakibomoa nyumba zao moja moja na kuvuka.

Mwaka ninaousimulia alikuwa peke yake. Mvua za Septemba zilikuwa karibu, na kila mtu wa Shasha alisema Mukanda hautazivuka. Mama akanituma: shuka, umlete, hata kama ni kwa kumbeba mgongoni. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya misheni, ninangoja kufanywa mwalimu wa katekisimu. Nilijiona ninaweza kumshawishi mtu yeyote.

Nilimkuta anapasua kambare. Kutoka mlangoni mwake hadi maji zilikuwa hatua nane, nilizihesabu.

"Koko, Mama anasema twende," nilimwambia.

"Mama yako akuje aniambie yeye mwenyewe. Nilimuzaa na mudomo."

"Mvua inakuja. Nyumba itaanguka."

"Iache ianguke. Nikitoka, ile kamba itabakia na nani? Na bata?"

"Basi nitaishika mimi."

Aliacha kisu. Alipangusa mikono. "Wewe iko mutoto ya mulima," alisema. "Unashika jembe. Mwenye anashika ile kamba, njo ziwa inamushika. Usiguse. Unasikia? Kula samaki yako, ulale, kesho uende."

Usiku ule sikulala. Niliusikia mchanga ukianguka majini, polepole, bila kuacha, kama mtu anayemwaga maharage kidogo kidogo kutoka kwenye mfuko. Ungelala wewe? Koko alikoroma. Nilikaa nikipanga maneno ya kumwambia asubuhi, na kila neno nililopanga mchanga ulikuja ukalimaliza.

Kulipokucha nilitoka kutembea, kwa kuwa miguu haikutaka kukaa. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuona ufuko wa Shasha. Nilifuata ukingo wa maji kuelekea ncha ya kisiwa. Huko nilimkuta mzee mmoja anavuta kamba.

Alikuwa mzee wa kawaida, niamini. Kaptula kuukuu, kifua wazi, kiko kisichowaka mdomoni. Amejikaza visigino mchangani, kamba imepita begani, anavuta, anapumua, anavuta. Nilidhani ni mvuvi wa Shasha aliyevuka alfajiri.

"Wee mutoto ya mulima," alisema bila kugeuka, "unapita tu? Kwenu hawasaidiake watu?"

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa ziwa asingelifanya. Kwetu milimani, ukimkuta mtu mzima na mzigo au na kazi ya kuchosha, humwachi. Unampokea kikapu, unampokea jembe, unalima mistari miwili, ndipo mnasalimiana vizuri. Nimekuzwa hivyo. Hata fimbo nilichapwa kwa kusahau. Basi niliona aibu, nikakimbia, nikaishika kamba nyuma yake.

"Unavuta kama muntu anaogopa kuamusha samaki," alisema.

Nikaongeza nguvu. Ilikuwa nzito kuliko kitu chochote nilichowahi kuvuta, na majani yaliyotoka majini yalikuwa mabichi kabisa, kama yaliyokatwa asubuhi ileile. Nilijiuliza yalikatwa wapi, kwa sababu mgomba wa mwisho wa Mukanda ulikuwa umeanguka zamani.

"Papa, kule upande ingine nani anavuta?"

"Wenzangu."

"Siwasikie."

"Wamechoka. Iko siku mingi wanavuta."

Tukavuta. Nilingoja kuona mwisho wa kamba, au samaki hata mmoja, lakini kila tulipokuja nyuma hatua moja, maji nayo yalikuja hatua moja. Yule mzee alianza kuniuliza habari za Koko. Hakutaja jina lake.

"Ule mwanamuke anatiaka bado chumvi mu chakula kama anapikia ng'ombe?"

Nilicheka. Ni kweli, jana yake nilikuwa nimekunywa maji hadi tumbo likauma. "Bado, Papa."

"Mwambie nilisema." Akainamisha bega. "Nipokee kidogo, niwashe kiko."

Nikapokea. Kamba yote ikanilalia mimi, ncha yake ikiwa mikononi mwangu, na yeye akajinyoosha mgongo kama mtu aliyetua mzigo wa kutoka Walikale kwa miguu. Hakuwasha kitu. Alianza kutembea kuelekea mbele, akininyooshea mambo kwa mkono, kwa sauti ya mtu anayemwonyesha mgeni uwanja wake.

"Hapa njo vichanja vyetu vilikuwa. Hapa njo kanisa, mulango iliangalia mulima. Hapa njo tulikuwa tunafichama wakati askari ya kodi wanapita, siye wote mu matete, na watoto tunawafunga midomo. Hapa..." Alisimama kidogo. "Hapa njo nilimuona mara ya kwanza. Anabeba mutungi, ananitukana."

Nilikuwa nikimfuata kwa macho, ninatabasamu. Hatua zake nilizisikia zikikanyaga mchanga mkavu, kwacha, kwacha. Na ndipo nilipotazama chini. Mbele ya vidole vyangu kisiwa kilikuwa kimekwisha. Maji yalikuwa yananigusa. Yale aliyoyaonyesha yote yalikuwa ziwani, na yeye alikuwa mbali huko, anatembea, na mchanga ambao haupo unalia chini ya miguu yake.

Nilitaka kuachia kamba. Nakuapia nilitaka. Vidole havikufunguka. Kutoka upande wa pili, kule kusikoonekana, kamba ikavutwa mara moja, taratibu, kama watu waliohisi mkono mpya na kuupima.

Kisha jua likaupasua ukungu. Nilikuwa nimesimama kando ya mti wa kaburi la babu yangu, na nilichoshika kilikuwa kile kipande cha kamba ya mafunjo, kikavu, cheusi kwa miaka, bado kimefungwa mtini. Viganja vyangu vilikuwa vimechunika, damu inatiririka hadi viwikoni.

Koko alinikuta hapo. Alitazama mikono kwanza.

"Uliuliza iko ya nani?"

"Hapana, Koko. Alikuwa mzee. Alisema nimupokee."

"Na ulipokea tu." Aliketi mchangani. "Kule mulima munafundishwaka nini?"

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye chumvi, alicheka. Alicheka kama msichana, mkono mdomoni, na machozi yakamtoka palepale, hata sikujua nimshikeje. Kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau. Alikifungua kile kipande cha kamba mtini, akakizungusha kiunoni mwangu, akafunga fundo. Hakuomba ruhusa.

"Unisamehe," alisema. "Miye nilichoka."

Siku ileile akavuka nami. Alibeba mkeka, sufuria, na rozari. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Mvua zilipokuja Mukanda ulikatika vipande viwili, halafu vitatu, na kufika Krismasi wavuvi walipita na mitumbwi pale nyumba yake ilipokuwa. Mama yangu alinibusu mikono, akasema nimemwokoa mama yake. Na ni kweli, nilimwokoa. Koko yuko hapa Nyabiondo hadi leo, anapalilia maharage, anagombana na majirani, analala usingizi wa mtoto mchanga.

Mimi ndiye nisiyelala. Ukungu ukishuka mlimani, viganja vinawaka, na miguu inaanza. Sisemi kwa mfano. Inaanza kutembea. Ualimu uliniponyoka kwa sababu niliwaacha wanafunzi darasani mara tatu. Mke wangu alijaribu kunifunga kitandani kwa kitambaa chake, nikakichana. Padre alibariki mikono yangu kwa mafuta, ikapumzika majuma mawili. Huwa ninazinduka nikiwa Shasha, mwendo wa siku mbili, nimesimama majini hadi magotini, viganja vimekunjwa juu ya kitu kisichoonekana, ninavuta. Wavuvi wananijua. Hawanisemeshi. Mmoja wao huniachia samaki ufukoni, anawafunika kwa jani, anakwenda zake.

Nikimwuliza Koko nitavuta mpaka lini, anatazama pembeni. Mpaka mwingine wa damu yako akupokee, anasema. Nina watoto wawili, mvulana na msichana, na sijui kama ziwa linachagua.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama una mashamba huku juu na shughuli kule chini, nakuomba jambo moja. Ukimkuta mtu peke yake kwenye ukungu anavuta kamba, na akakuambia mpokee, simama mbali, uulize kwanza ni ya nani. Akuite mkaidi. Aseme hukufundishwa kwenu. Majirani zangu husema hivyohivyo juu ya binti yangu wa miaka mitano. Juzi mama mmoja mzee alipanda kutoka kisimani amechoka, akamnyooshea kibuyu cha maji amsaidie. Mtoto akaficha mikono yote miwili mgongoni, akamwuliza, "Iko ya nani?"

Yule mama alikuja kunilalamikia hadi mlangoni. Nilimsikiliza, nikamwomba radhi, nikakibeba kibuyu mwenyewe hadi kwake. Niliporudi nilimwita binti yangu, nikampa ndizi mbivu.