Bibi Yangu Ukutani kwa Jirani

Wiki iliyopita nilimwona bibi yangu, aliyekufa zamani, anachambua ndagala, dagaa wa ziwa letu. Usishtuke, ndugu yangu. Alikuwa ukutani, ndani ya fremu, kwenye ukumbi wa maonyesho hapa mjini Bujumbura, amekaa kwenye kigoda chake na ungo mapajani, na watu wenye viatu vya kung'aa wamesimama mbele yake na glasi za juisi mkononi. Amechorwa kwa penseli za rangi, hizi hizi za watoto wa shule, lakini ukitazama unaapa ni picha ya kamera. Kila ndagala ina jicho lake. Leso ya njano ina lile tundu dogo lililochomwa na cheche ya makaa, karibu na goti. Tundu hilo mimi nilikuwa nimeshalisahau.

Ningelia, siyo? Sikulia. Niliona wivu, ule wivu unaochoma hapa chini ya mbavu, kwa sababu aliyemchora si mimi mjukuu wake. Ni mtoto wa jirani.

Tulikaa Nyakabiga, nyumba ya matofali yenye dirisha moja lililotazama ukuta wa nyumba ya watu, kwa hiyo mwanga wote wa bibi uliingia mlangoni. Kigoda chake kilikaa pale pale, ndani kidogo ya kizingiti. Asubuhi alipeleka ndagala zake soko la Jabe, mchana akarudi na zilizobaki, akazichambua, akapika. Mawese yakianza kupata moto, harufu ilifika hadi barabarani, na hapo ndipo mtoto wa jirani alipotokea. Hodi hapigi. Anasimama tu mlangoni, mikono nyuma, anaangalia.

"We mutoto," bibi alifoka bila kuinua kichwa, "ingia ao utoke, unanizibia mwangaza!"

Aliingia. Kila siku ya Mungu aliingia. Akapewa chakula, tena nikichelewa kidogo akapewa kwenye sahani ya maua ya bluu, sahani ambayo nyumba nzima ilijua ni yangu. Mimi nilikula mbio mbio nimegeukia barabarani, maana wenzangu walikuwa wananisubiri na kamba ya kuruka. Yeye alikula polepole, macho yote kwa bibi. Nilidhani ni ulafi.

Shuleni mwalimu wetu alimwachia vipande vya penseli vilivyobaki, vifupi hata havishikiki. Yeye akavichomeka kwenye ganda la biki iliyokwisha wino, akavichonga kwa wembe, akachora. Mimi mjomba aliniletea boksi jipya kutoka safarini, rangi zote, ncha zote kali. Nikamkalisha bibi nimchore. Nikashika kahawia, nikasugua uso mzima kwa nguvu zangu mpaka karatasi ikang'aa. Bibi aliishika ile picha, akaigeuza huku na huku.

"Hii ni kabati?"

Nyumba nzima ilicheka. Mtoto wa jirani peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Siku chache baadaye akaleta karatasi yake: sufuria yetu, na masizi yake, na mpini wake uliolegea. Chini ya ule weusi alikuwa ameweka bluu, akaweka na zambarau, na pale sufuria inapong'aa hakupaka kitu kabisa, karatasi ilibaki nyeupe. Nikamwuliza tangu lini sufuria ikawa na zambarau.

"Iko nayo," akanijibu. "Angalia."

Nikaangalia. Wallahi, zambarau sikuiona.

Bibi akasema mashallah, akatafuta msumari, akaitundika jikoni karibu na kalenda. Yangu aliiweka chini ya godoro, ati moshi utaiharibu. Nikamwuliza, mbona ya huyu haiogopi moshi? Akaniambia niende kuchota maji. Mpaka leo sijajibiwa.

Basi, tukakua. Jirani wakahamia Mutanga Sud, bibi akafariki, nyumba ikauzwa. Sasa pale pana jengo la ghorofa, chini wanauza makava ya simu, na ukisimama barabarani huwezi hata kukisia mlango wetu ulikuwa wapi. Picha ya bibi tulikuwa nayo moja tu, ya kitambulisho, na mvua kubwa ilipoingia ndani ya nyumba, maji yakaifuta, uso ukabaki doa jeupe. Wanangu wakiniuliza bibi alikuwaje, ninawaambia alikuwa mfupi, mweusi, mkali. Wanangoja niendelee. Sina la kuendelea.

Sasa fikiria mimi huyo, pale ukumbini. Nazunguka: sufuria yetu hii hapa. Mlango wetu na rangi yake ya kijani iliyobanduka. Sahani ya maua ya bluu, na ukoko wa ugali pembeni, na mwenye kuacha ukoko ni mimi! Mama mmoja akaniegemea, akanong'ona, "Angalia utoto wake, ulikuwa mzuri."

"Utoto wangu, mama," nikamwambia. Akasogea pembeni.

Kijana mwenye kipaza sauti akamwuliza msanii mambo haya yote anayatoa wapi, nini kinamsukuma kuchora hivi. Nikatega sikio. Nilingoja aseme kipaji, aseme Mungu, nipate cha kusonya. Akatupa macho kwenye watu, akaniona, akaninyooshea kidole.

"Wivu," akasema. "Huyu dada alikuwa na bibi. Kwetu muchana hakukuwa mutu, jiko lilikuwa baridi. Yeye alikuwa anakula amemupa bibi mugongo, anaangalia barabara. Mi nilikuwa nashika kila kitu na macho, nasema hiki nitakitwala, na hiki, na hiki. Kilikuwa chao. Mi nilikuwa nataka kiwe changu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi sikujua uso niuweke wapi. Miaka yote hii namwonea wivu, kumbe mwenzangu alianza zamani! Na wake umezaa picha ukuta mzima. Wangu umezaa nini? Kiungulia.

Nikamfuata pembeni, nikamwomba aniuzie ile ya ndagala, niwapelekee wanangu. Akatikisa kichwa.

"Apana, dada, huyo haendi. Lakini njoo nyumbani. Niko na zingine."

Nilitoka nimefura. Ninyimwe bibi yangu mwenyewe, aliyenikanda mafuta, na nani? Na mtoto aliyekuja kufuata harufu ya mawese! Nikaapa siendi. Lakini nyumba haipo, kigoda hakipo, picha imefutika, na wanangu bado wanangoja niendelee. Jana nikapanda hadi kwake Mutanga Sud.

Mlango wa chumba chake cha kazi ulikuwa wazi. Ameinama mezani, na pamoja na maboksi yote aliyo nayo sasa, mkononi ameshika kipande kifupi ndani ya ganda la biki. Kwenye karatasi ni mikono ya bibi. Mmoja umekwisha, mwingine bado ni mistari tu. Sikupiga hodi. Nilisimama pale kizingitini, mikono nyuma, nikaangalia ule uliokwisha: kucha ya gumba iliyopasuka, mishipa, mikunjo ya vidole. Na chini ya ngozi, karibu na kiwiko, zambarau. Ilikuwapo. Nikamkumbuka bibi akiunyoosha mkono huo huo kunipa sahani, na mimi nimegeukia barabarani.

Hakuinua kichwa.

"Ingia ao utoke," akasema, "unanizibia mwangaza."

Hata maneno hayo, jamani, ameyachukua. Nikaingia, nikavuta kiti, nikakaa upande ambao ningemwona bibi vizuri.