Fundi Masikio na Boti Iliyopakwa Rangi

Kwa miaka thelathini walimwita Masikio, na jina lilimkaa. Alikuwa akisimama gatini, boti ikiwa bado mbali, anasema, "Hiyo nozeli ya pili ya mafuta imechoka," na ukiifungua unakuta imechoka kweli. Halafu masikio yenyewe yakamgeuka. Zile injini alizozihudumia maisha yake yote zilikuwa zikiyala kidogo kidogo, na mwaka huu zikamaliza.

Wateja wakaanza kumkwepa. Nani ampelekee injini fundi asiyeisikia? Binti yake alimpigia kelele jikoni, "Baba, pumzika sasa!" Akajibu kwamba imebaki boti moja tu; ikimshinda, spana anazigawa. Alisema huku akicheka, lakini roho ilimuuma.

Boti yenyewe ilikuwa kuukuu, mali ya nahodha mmoja mnene mwenye maneno mengi. Stata ilikuwa ikiguna tu, injini haiwaki. Mafundi wawili wenye masikio mazima walishabadilisha betri, wakabadilisha na stata, wakaenda zao wakisonya.

Masikio hakugusa hata spana. "Kabla haijagoma, ulifanya nini?"

Nahodha alichukua chaki, akaandika kwenye mfuniko wa injini: NILIIPAKA RANGI. Akatabasamu kama bwana harusi. Kweli ilipendeza, buluu tupu, inang'aa hadi kwenye bolti za injini.

"Bonyeza stata, nikipunga mkono uachie."

Masikio akapapasa nyaya, kiungo kwa kiungo. Kwenye betri, baridi. Kwenye swichi, baridi. Pale waya mnene wa betri unapofungwa kwenye mwili wa injini, vidole viliruka vyenyewe: moto! Akapunga mkono, akafungua bolti. Chini ya waya kulikuwa na rangi nzito ya buluu, umeme unapenya kwa shida na kuishia kuwa joto.

"Nahodha, hii umeivalisha koti hadi mdomoni," alisema, akisugua kwa msasa mpaka chuma kikatokea. Akakaza waya. "Haya, washa."

Hakusikia kitu. Alimwona nahodha akirukaruka, mdomo wazi, boti nzima ikiyumba. Akaweka kiganja juu ya mfuniko, palepale kwenye maandishi ya chaki, akafumba macho. Mtetemo ulimpanda hadi kwenye kiwiko, naye akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Alikaa hivyo kwa muda, mkono haubanduki.

Kisha akakunja uso.

"Silinda ya tatu haichomi vizuri," alisema. "Niletee kesho."