Gita la Spika ya Kushoto

Redio yetu ilikuwa na spika mbili lakini iliyokuwa ikisema ni moja. Ya kulia ililiwa na panya. Hilo ni jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote shuleni kwa hiari yangu, na sasa hakuna mtu shuleni asiyelijua.

Ilikuwa hivi. Wainjilisti walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba pale Nunguni, na mama, ambaye ni mwanakwaya, hakutaka waikute redio mezani karibu na Biblia. Akaificha ghalani katikati ya magunia ya mahindi. Wageni wakaja, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda zao, na redio ikasahaulika huko mpaka Jumapili iliyofuata. Panya wakaipata ile karatasi nyeusi iliyo ndani ya spika wakaona ni tamu. Ya kushoto ilikuwa imeegemezwa ukutani, ndiyo maana ilipona. Baba, ambaye anafanya kazi Mombasa na huja mwisho wa mwezi, alipoiwasha akasema kumbe maombi yana gharama. Mama hakucheka.

Kaka yangu hutia magari mafuta kwenye kituo cha petroli Mtito Andei. Madereva wa malori humwachia kaseti walizozichoka, naye huziokota na kutuletea. Zinafika bila majalada, nyingine zimeandikwa jina kwa kalamu na jina likafutika kwa jasho. Moja ilikuja nikiwa kidato cha pili, imebandikwa kipande cha plasta ya kidonda, na juu ya plasta mtu ameandika "roki kali" basi. Kaka alisema huo ni muziki wa hevi metali, wa kundi la ng'ambo. Kundi gani, hakujua. Alisema dereva mwenyewe alikuwa ameshaondoka.

Niliiweka kwa sababu kulikuwa na mvua na sikuwa na kazi nyingine. Nilitarajia fujo. Nilichosikia ni gita moja linalotembea. Sijui niseme vipi. Ngoma zilikuwepo, na mtu wa kuimba alikuwepo, analalamika kwa sauti kubwa maneno nisiyoyashika. Lakini chini yao kulikuwa na huyu mtu wa gita, ameziba nyuzi kidogo kwa kiganja ili zisilie sana, anapiga kwa kishindo kizito cha namna moja, kama mama akitwanga muthokoi, yale mahindi ya kukoboa kwenye kinu. Huwezi kumharakisha. Kinu kina mwendo wake. Na ukisikiliza vizuri unakuta mchi hauanguki mara zote mahali pamoja, kila baada ya muda anausogeza kidogo, kisha anaurudisha.

Katikati ya wimbo wa tatu, mwimbaji ananyamaza. Wengine wote walionekana kuondoka, wakamwacha yule wa gita na ngoma peke yao, kwa muda mrefu, anatembea tu. Hapo ndipo nilipomwagika. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na machozi yakaja, nikajifanya ni moshi. Nikapaita mahali pale "peke yake".

Tangu siku hiyo nilikuwa namsikiliza kila likizo. Mawe ya redio, yaani betri, yakichoka niliyaanika juani juu ya mabati ya choo yapate nguvu kidogo. Mama alikuwa anasema, "Punguza hizo kelele." Nilikuwa napunguza. Hakuwahi kusema "zima", lakini wakati huo sikulitia maanani.

Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, jibu linafika mpaka kwenye meno na kurudi. Kwa hivyo mtu akiniuliza nilichotaka mwaka ule, nitasema kilikuwa kitu kimoja na kidogo: mtu mwingine mmoja amsikie yule wa gita, anitazame na kusema, kweli. Basi.

Muhula wa kwanza wa kidato cha tatu, wasichana wa bweni letu walishika ubishi wa wapiga gita. Kila mmoja alikuwa na wake. Mmoja aliapa kwa wale wa Kongo. Mwingine, baba yake ana baa kule Salama, alisema hakuna kama wapiga solo wa bendi za Kikamba, kwamba yeye amewaona kwa macho wakitokwa na jasho mpaka kwenye viatu. Msichana mmoja wa Nairobi alikuwa na picha za watu wa roki alizozikata kwenye magazeti, nywele mpaka kiunoni. Niliona wote wanaotajwa ni wale wa mbele, wa solo, wanaopiga huku wamefumba macho. Nikasikia sauti yangu ikisema kuna mmoja hawajamsikia na anawashinda wote.

"Nani?" akauliza wa Nairobi.

"Jina silijui."

Walicheka, si kwa ubaya. Prifekti wa burudani, ambaye alikuwa amelala kitanda cha juu akisikiliza, akasema Jumamosi ya burudani darasa letu halina kitu cha kuonyesha isipokuwa mchezo ule ule wa mganga wa kienyeji, kwa hivyo nimlete huyo mtu wangu asiye na jina. Nikakubali. Mpaka leo sijui nilikubalije.

Likizo fupi ilipokwisha nilirudi na kaseti ndani ya soksi. Nikaandaa hotuba. Nikaifanyia mazoezi chooni.

Burudani ilifanyika bwaloni, baada ya chakula cha jioni, mwalimu wa zamu ameketi mbele akisahihisha vitabu. Redio ya shule haikuwa kama yetu. Ilikuwa zawadi ya wazazi, ina vifundo vingi vya kuzungusha, na spika zake zilisimama mbali mbali, moja kila pembe ya bwalo, ndefu kama madawati yaliyosimamishwa. Nilisimama. Nikamsalimu mwalimu na wenzangu. Nikasema, na sauti haikukatika hata kidogo, kwamba nitawasikilizisha mpiga gita ambaye hana haraka. Kwamba hapigi ili aonekane. Kwamba kuna mahali wenzake watamwacha peke yake, na hapo wanyamaze wasikilize. Mwalimu aliinua uso kutoka kwenye vitabu. Niliona ameinua. Nilijivuna, nakiri, nilijiona nimekua.

Nikabonyeza.

Upande wa kushoto alikuja yeye, mwendo wake ule ule. Halafu upande wa kulia akaja mtu mwingine. Alikuwa na gita pia. Sikuwahi kumsikia maishani mwangu. Aliingia kama mgeni asiyepiga hodi na kwenda kukaa kwenye kiti cha baba. Alijaza nafasi zote, akipiga juu, upesi upesi, na wangu akabaki kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Nikajiambia atanyamaza. Nikasubiri wimbo wa tatu. Tukafika pale mahali pangu, mwimbaji akanyamaza, na badala ya "peke yake" yangu, yule wa kulia akaachilia solo, akalia, akapanda, akateremka, nyuzi zinapiga mayowe, na bwalo zima likasimama juu ya viti.

Kama wangelichukia gita hilo ningeweza kuvumilia. Walilipenda. Wasichana walirusha vichwa kama wale wa kwenye picha. Wa Nairobi alinipigia saluti. Wimbo ulipokwisha prifekti akaja akanishika mkono, akasema haki huyo jamaa ni moto, nimewashinda.

Nikasema, "Siye huyo."

"Siye huyo nani?"

"Huyo wa solo siye. Ni yule mwingine. Wa chini."

"Wa chini wapi?"

Ningeweza kunyamaza hapo. Nimepewa mkono, nimepigiwa makofi, mwalimu anatabasamu. Lakini walikuwa wamemshangilia mtu mwingine mbele yake, na niliona lazima nieleze, na maelezo yalikuwa ya namna moja tu. "Kwetu," nikasema, "redio ina spika moja."

Wakatazamana kwanza. Kisha binti wa Salama akauliza ile nyingine ilienda wapi, na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema na sikujua namna ya kuacha, nikasema ililiwa na panya.

Sitaandika kicheko kile. Hata mwalimu alijificha kwenye kitabu. Uso ulinichoma mpaka masikio yakaziba, na nilichokionea aibu zaidi si umaskini wa redio yetu, ingawa hiyo nayo niliiona. Niliona aibu kama mtu aliyewaita watu waje waone shamba lake, kumbe miaka yote alikuwa anasimama kwenye robo tu ya shamba. Nilikuwa nimeipenda nusu ya muziki nikidhani ni muziki mzima. Kumbe hakuachwa peke yake. Ni sisi tuliokuwa hatumsikii mwenzake.

Jina likawa Spika Moja. "Spika Moja, pitisha chumvi." "Spika Moja, umesikia kengele au ililia upande wa kulia?" Walikuwa wanaliita kwa upendo baada ya wiki chache, nalo ndilo lililonimaliza, maana huwezi kukasirikia upendo. Nilirudi kwenye kunyamaza kwangu. Swali la mwalimu likija, nikiwa na jibu, niliinamia dawati.

Likizo ya Agosti sikuigusa ile kaseti. Kaka alikuja nyumbani siku mbili za mapumziko yake akaona, akaniuliza roki kali imekosa nini. Nikamwambia yote, nikijua atacheka. Hakucheka. Aliuliza tu hiyo spika iliyoliwa ilikuwa na upana gani, akapima kwa vidole vyake, akarudi kazini.

Mapumziko yaliyofuata alifika na spika imefungwa ndani ya sweta. Aliitoa kwenye redio ya gari lililogongwa, mwenyewe kamruhusu. Alisema kutoka Mtito Andei ameipakata mapajani kama mtoto mchanga, na mama mmoja kwenye basi alimwuliza mbona halii. Akatia msumari kwenye makaa ukawa mwekundu, akalehemu nyaya mlangoni, ulimi nje. Mama alikuwa amekaa uani na uteo wa maharagwe, anachagua mawe. Mimi nilikuwa namsaidia, tumepeana visogo kidogo. Kaka akaweka ile kaseti bila kuniuliza. Alitaka kunifurahisha. Nilijua hivyo, ndiyo maana sikusema usiweke.

Wakaja wote wawili. Nyumba ikajaa. Yule wa kulia akaanza kupanda na kushuka kwake, na kaka akasimama mlangoni ananitazama, anangoja uso wangu ufanye kitu. Nikatabasamu. Nikainamia maharagwe.

Mama akaacha kuchagua. Huniita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Mwaitu, mmeifanya nini redio?"

"Imepona, mama," kaka akajibu.

"Haijapona. Yule wangu ameenda wapi?"

Kaka akauliza wake nani.

"Yule anayetwanga. Anayetwanga polepole akisogeza mchi." Akapiga uteo kwa vidole, dum, dum-dum, na ilikuwa ndiyo, ilikuwa hasa, mpaka ule mchi unaposogea. "Huyu anayelialia hapa simjui. Mimi ni wa sauti ya pili, nimeimba sauti ya pili tangu nikiwa msichana. Watu husikia ya kwanza. Lakini sisi tukikohoa, mchungaji anauliza kwaya leo ina nini. Huyo wa kutwanga ni wa kwetu. Mrudishe."

Miaka miwili. Miaka miwili nilikuwa natafuta mtu mmoja wa kumsikia, nikaenda kumtafuta bwaloni kwa hotuba, na mama alikuwa amekaa nyuma yangu na uteo. Nilikuwa nimedhani "punguza kelele" ni maneno yake yote kuhusu jambo hilo. Sikuwahi kumuuliza. Sikufikiri kwamba mwanamke wa kitambaa cha kichwani na kitabu cha nyimbo anaweza kuwa na masikio ya hevi metali. Nilishindwa kuinua macho.

Kaka alicheka mpaka akaegemea mlango. Akasema hiyo si shida, kuna kifundo hapa pembeni, ukikizungusha sauti yote inaenda upande mmoja. Akakizungusha. Wa kulia akafifia, akafifia, akaisha, na wangu akabaki peke yake na ngoma.

Niliuliza kama redio zote zina hicho kifundo. Akasema kubwa zote zinacho. Nikaiona redio ya shule, vile vifundo vyake, mkono wangu umewekwa juu yake kabisa wakati bwalo linacheka, na aibu ile ikarudi mpya kama ya jioni ile, na nyingine juu yake. Ningeweza kumwacha wangu peke yake mbele za watu kwa vidole viwili. Nilikuwa nimevilaza pale pale.

"Ndiye huyo," mama akasema. Akarudi kwenye maharagwe, na baada ya muda nikamsikia anaimba naye kwa mdomo uliofungwa, chini, mahali pa sauti ya pili. Hakukosea hata pale mchi unaposogea.

Wimbo ulipoisha akauliza, "Anaitwa nani?"

Nikamtazama kaka. Kaka akanitazama mimi. Akasema kaseti haikuwa na jalada, mama, na dereva alikuwa ameondoka.

"Kijana wa watu amekaa kwangu muda wote huu," mama akasema, "ananitwangia, na nyinyi mliosoma hamjamuuliza jina?"

Hakuwa anatania. Aliushika uteo, anangoja jibu, na mimi nikaokota jiwe lililokuwa kwenye maharagwe, nikalitafutia mahali pa kulitupa.